Mlango wa Chuo Hufungwa Kidato cha Pili



Mapema mwezi Februari, siku chache baada ya matokeo ya mtihani wa Kidato cha Nne kutangazwa, alitujia ofisini mzee mmoja, mvuvi wa dagaa wa upande wa Kayenze, akiwa na binti yake. Uso wake ulikuwa wa furaha. Binti amefaulu vizuri, naye alitaka tumwandikie barua ya kumtambulisha katika chuo kimojawapo cha afya. Maana tangu mama yake alipolazwa Bugando, mtoto huyo hana neno lingine kinywani ila utabibu. Tukaipokea karatasi ya matokeo, tukaitazama. Baiolojia ipo, tena kwa alama njema. Kemia ipo. Fizikia haipo.

Tukamwuliza, "Mwanangu, Fizikia uliiacha lini?"

Akainamisha kichwa. "Kidato cha Tatu, Padre. Tuliambiwa tuchague. Wenzangu wote walisema ni ngumu."

Ikatubidi kumweleza baba yake neno ambalo hatukupenda kulisema siku ile: ya kwamba anayetaka kusomea utabibu kwa ngazi ya stashahada hutakiwa awe amefaulu Fizikia, Kemia na Baiolojia katika Kidato cha Nne, yote matatu, na alama nzuri za masomo mawili haziwezi kujaza pengo la somo la tatu. Mzee alinyamaza kitambo kirefu. Kisha akasema, "Padre, michango ya hosteli nimelipa miaka minne. Madaftari nimenunua. Sijakosa hata muhula mmoja. Mbona hakuna aliyeniambia?"

Hatukuwa na jibu la kumpa. Mzee yule alitimiza kila alichoagizwa. Aliagizwa alipe, akalipa. Lakini siku ile mtoto wake alipoandika jina lake katika orodha ya wasiochukua Fizikia, baba alikuwa ziwani, mama alikuwa mgonjwa, na sisi mapadre tulikuwa na mambo yetu. Mtoto wa miaka kumi na mitano akaamua peke yake neno la maisha yake yote, na aliyemshauri ni hofu ya wenzake.

Wazazi wengi hudhani ya kuwa habari ya chuo huanza mtoto anapomaliza Kidato cha Sita. Hufikiri kwamba kwanza mtoto asome tu, afaulu, na baadaye ataulizwa anataka nini. Sivyo mambo yalivyo. Katika utaratibu tuliouzoea, mwanafunzi hufanya Upimaji wa Kitaifa mwishoni mwa Kidato cha Pili, kisha huchagua masomo atakayoendelea nayo Kidato cha Tatu na cha Nne. Hayo masomo ndiyo yatakayotazamwa anapoomba mchepuo wa Kidato cha Tano. Na mchepuo wa Kidato cha Tano ndio utakaotazamwa anapoomba chuo kikuu. Asiye na Fizikia Kidato cha Nne hataingia mchepuo wa Fizikia, Kemia na Baiolojia. Na asiyepita mchepuo huo hana njia ya moja kwa moja ya kuwa daktari. Asiye na Hesabu na Fizikia katika Kidato cha Sita, uhandisi humpita mbali. Nayo Tume ya Vyuo Vikuu haitaki tu kwamba kijana awe amefaulu. Hutaka afaulu masomo makuu mawili kwa jumla ya pointi zisizopungua 4.0, na masomo hayo yawe ni yale yanayohusika na fani anayoiomba. Kijana aweza kuwa na alama za kupendeza, na zisiwe za mlango anaougonga.

Tena mtaala ulioboreshwa mwaka 2023, unaoingizwa shuleni kwa awamu, umeleta mikondo miwili katika sekondari, wa jumla na wa amali. Maana yake ni kwamba uamuzi umesogea karibu zaidi na utoto. Mzazi aliyekuwa akingojea Kidato cha Nne ndipo aulize, sasa amechelewa miaka mingi zaidi kuliko kaka yake aliyemtangulia.

Mvuvi wa dagaa huelewa habari hizi upesi kuliko msomi. Siku za mbalamwezi haingii ziwani, kwa sababu taa yake haiwavuti dagaa penye mwanga wa mwezi. Lakini siku hizo halali usingizi. Ukipita Igombe au Kayenze wakati wa mwezi mkubwa utawaona wanaume wametandaza nyavu mchangani, wanashona palipotoboka, wanaziba mitumbwi, wanatengeneza taa. Giza likiingia hakuna muda wa kushona. Vidato vya kwanza na vya pili ndiyo siku za mbalamwezi za mwanafunzi. Mtihani haupo karibu, hakuna anayemsumbua, na kwa sababu hiyo wengi hudhani ni siku za kulala.

Na tuseme wazi juu ya Hesabu, maana ndilo somo ambalo watoto wetu hulikimbia mbele ya yote, na ambalo wazazi huwaruhusu kulikimbia kwa kusema, "Hata mimi sikuliweza." Maneno hayo, yakisemwa mezani jioni na baba anayependwa, huua kitu ndani ya mtoto. Mwezi Juni 2025 lilifunguliwa daraja la Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilomita zipatazo 3, na wasafiri wa Sengerema na Geita waliokuwa wakingoja kivuko kwa saa nyingi sasa hupita juu ya maji kwa dakika chache. Daraja hilo lina jina la John Pombe Magufuli, aliyezaliwa Chato mwaka 1959, akasoma katika seminari ndogo ya Katoke, kisha sekondari ya Lake hapa hapa Mwanza, kisha Mkwawa kule Iringa, na katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam akasomea Kemia na Hesabu. Watu wana maoni mbalimbali juu ya utawala wake, nasi hatuingii humo. Twataka msomaji aone neno moja tu: mtoto wa mwambao huu aliweza Hesabu, na hakuzianzia chuoni.

Wazee wetu walikuwa na udhuru ambao sisi hatunao. Julius Nyerere alipoanza shule Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, alikuwa na umri wa miaka 12. Mwaka 1937 akaenda Tabora, na mwaka 1943 Makerere, ng'ambo ya ziwa, kwa kuwa wakati ule hapakuwa na chuo kikuu katika Tanganyika yote. Kisha baada ya kufundisha katika shule ya Mt. Maria, Tabora, akaenda Edinburgh mwaka 1949 na kurudi na shahada yake mwaka 1952. Kila ngazi aliyoipanda ilishikiliwa na ile ya chini yake. Leo mambo ni mengine. Pale Nyegezi, Mapadre Weupe walianzisha mwaka 1960 chuo cha mafunzo ya jamii, wakati wa Askofu Joseph Blomjous, na kutoka katika shina hilo Maaskofu wetu wakachipusha mwaka 1998 Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, huko Malimbe. Juu ya kilima cha Bugando, ambako hospitali ilifunguliwa mwaka 1971, mafunzo ya udaktari yalianza mwaka 2003, na sasa ni Chuo Kikuu Katoliki cha Afya na Sayansi Shirikishi. Kuna chuo cha uvuvi Nyegezi, kuna chuo cha ualimu Butimba. Mtoto wa Mwanza huweza kuziona taa za Bugando usiku akiwa ndani ya mtumbwi wa baba yake. Aweza kuziona maisha yake yote asiingie, si kwa umaskini wala kwa upungufu wa akili, bali kwa kukosa mtu wa kumwambia mapema ni somo gani lisiachwe.

Habari ya lugha nayo si ndogo. Mtoto hutoka shule ya msingi ambako amefundishwa kwa Kiswahili, na nyumbani huenda anasema Kisukuma, Kikerewe au Kijita. Akifika Kidato cha Kwanza anakuta vitabu vyote vya sayansi, jiografia na hesabu ni vya Kiingereza. Mwaka wa kwanza wengi huandika wasichokielewa. Wakidhani ni ujinga wao, huanza kuyachukia masomo yenyewe, na hapo ndipo Fizikia huitwa ngumu, ingawa kigumu ni Kiingereza chake. Mzazi hahitaji kujua Kiingereza ili asaidie. Kamusi moja nyumbani, kitabu kimoja cha hadithi nyepesi kila mwezi, na saa moja ya utulivu jioni, redio ikiwa imezimwa na simu imewekwa kando, zatosha kuanzia. Sisi tuliopitia seminari ndogo twaikumbuka kengele ya masomo ya jioni. Hatukuipenda hata kidogo. Lakini ndiyo iliyotufundisha kukaa na kitabu tusichokielewa mpaka kikaanza kueleweka.

Saa hiyo moja ya utulivu, je, binti zetu wanaipata? Hapa hatuna budi kuwasema wazazi Wakristo, na watatuwia radhi. Katika nyumba nyingi tulizozitembelea, mvulana akirudi shule huketi na daftari au huenda kucheza mpira. Msichana huchukua ndoo kwenda ziwani, akirudi huanua dagaa, akimaliza hupika, na akimaliza kupika hulala kwa uchovu. Kisha mwisho wa mwaka tunasema wasichana hawapendi sayansi. Na wapo bado wanaohesabu ng'ombe wa mahari kabla mtoto hajamaliza shule, ijapokuwa sheria iliyorekebishwa mwaka 2016 imeweka adhabu ya kifungo cha miaka 30 kwa anayemwoa mwanafunzi. Mtaguso wa Vatikano wa Pili, katika tamko lake la mwaka 1965 juu ya malezi ya Kikristo, umefundisha kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza wa watoto wao. Haukusema walezi wa wavulana.

Tufike kwenye fedha. Yule mtu wa Injili ya Luka aliyetaka kujenga mnara ilimpasa aketi kwanza ahesabu gharama. Wengi wetu twaanza kuhesabu barua ya chuo ikiwa imekwisha fika mkononi, wiki tatu kabla ya kufungua. Ndipo ng'ombe huuzwa kwa bei ya mwenye shida. Mkulima wa pamba hupata fedha zake msimu wa ununuzi unapofunguliwa, yapata Mei au Juni. Akitenga kidogo kila msimu tangu mtoto aingie Kidato cha Kwanza, atakuwa na misimu sita kabla ya chuo, na huo ni muda wa kutosha hata kwa mtu wa shamba dogo. Serikali imeondoa ada katika shule zake za sekondari, mpaka Kidato cha Nne tangu 2016, na Kidato cha Tano na cha Sita tangu 2022. Ile ada ambayo zamani ingelipwa, imekwenda wapi? Twauliza tu. Maana tumeona jumuiya ikichangia harusi ya siku moja mamilioni ya shilingi, ikiwa na kamati, mwenyekiti, mweka hazina na kadi za michango. Na jumuiya hiyo hiyo ikashindwa kupata nauli ya kijana aliyechaguliwa kwenda chuo. Hatuchukii harusi. Sisi wenyewe tunazibariki, na wali wake tunaula.

Ipo Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2004, nayo imewafikisha mbali watoto wengi wa maskini. Lakini mkopo si sadaka. Hulipwa kwa makato ya mshahara. Tena haupatikani kwa kufaulu peke yake. Mwombaji hutakiwa vielelezo, na kati ya hivyo cha kwanza ni cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, yaani RITA. Na yatima hutakiwa cheti cha kifo cha mzazi aliyefariki.

Na hapa tunagusa jambo ambalo kila paroko analijua, ingawa sijui kama waumini wanalijua. Kila mwaka, dirisha la mikopo linapofunguliwa, ofisi zetu za parokia hujaa vijana wanaotafuta vyeti vya ubatizo. Hawajapata uchaji wa ghafla. Hawana cheti cha kuzaliwa, na cheti cha ubatizo ni mojawapo ya ushahidi unaokubaliwa kwa wanaochelewa kusajiliwa. Tunafungua daftari kubwa la ubatizo, na taabu huanza. Katika daftari ameandikwa Yohane, mtoto wa Petro. Shuleni ni John. Jina la babu, ambalo shuleni limekuwa jina la ukoo, halimo kabisa katika daftari letu. Badala yake limo jina la utani ambalo baba yake alijulikana nalo kisiwani. Tarehe ya kuzaliwa inapishana kwa miaka miwili, kwa sababu mwalimu aliyemwandikisha darasa la kwanza alikisia kwa kumtazama. Kijana amefaulu vizuri sana, naye amesimama mbele yetu akiwa watu watatu katika karatasi tatu, na dirisha linafungwa baada ya siku kumi.

Jina linaloandikwa mtoto anaposajiliwa kwa mitihani ndilo litakaloingia katika cheti chake cha Baraza la Mitihani. Kulisahihisha kabla ya mtihani ni kazi ya kwenda shuleni na kuzungumza na mwalimu. Kulisahihisha baada ya cheti kutolewa ni viapo, mawakili, safari na fedha, na pengine lisiwezekane. Kwa hiyo mzazi mwenye mtoto Kidato cha Kwanza na alitoe sanduku chini ya kitanda wiki hii, aweke pamoja kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo na karatasi za shule ya msingi, ayalinganishe majina herufi kwa herufi. Kama cheti cha kuzaliwa hakipo, aanze kukitafuta sasa. Kama mzazi mwenziwe amefariki na kifo hakikuandikishwa, nacho kiandikishwe. Twajua ni uchungu kuyafungua mambo hayo. Lakini atakayeyahitaji ni yule yatima.

Huenda msomaji mmoja akasema: Padre mhariri, mnawatwisha watoto mizigo ya watu wazima, mwacheni mtoto acheze, Mungu atamwongoza. Tunakubali nusu ya maneno hayo. Hatutaki mtoto wa miaka kumi na minne aamke usiku kwa hofu ya chuo kikuu. Wala hatusemi kila mtoto aende chuo kikuu. Fundi umeme hodari, muuguzi, mwalimu wa shule ya msingi, hao wote wana heshima mbele ya Mungu na faida mbele ya watu, na wengine wataitwa utawani na upadre, ambako nako cheti huulizwa. Wala mzazi asichukue ndoto yake iliyokufa akamvika mtoto kama koti la marehemu. Mtoto apewe nafasi ya kubadili nia yake, na mara nyingi ataibadili. Lakini kwa sababu hiyo hiyo yafaa masomo yasiachwe mapema bila shauri, ili atakapoijua nia yake akute njia bado iko wazi.

Yule binti wa Kayenze hajakata tamaa. Njia ya kujiandikisha kama mtahiniwa wa kujitegemea ipo, naye amepata mwalimu wa Fizikia mwenye moyo wa ukarimu, ambaye hukutana naye Jumamosi. Itamgharimu mwaka mzima, na labda zaidi, kulipata somo ambalo angelipata bure akiwa darasani.

Baba yake alirudi kwetu baada ya Pasaka, safari hii na mdogo wake binti, mvulana aliye Kidato cha Kwanza. Ilikuwa ni wakati wa mbalamwezi. Alikuwa na mfuko wa plastiki, akautua juu ya meza yetu: kadi ya kliniki iliyochakaa, madaftari saba, na taarifa ya muhula kutoka shuleni. "Padre," akasema, "mimi kusoma sijui sana. Nionyeshe Fizikia ni lipi kati ya haya."